Mistari Midogo ya Lebo: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Mafuta na Kabohaidreti

Tangu tulipogusia lebo za vyakula katika toleo lililopita, barua zimefuatana, na zilizo nyingi zinauliza jambo lile lile kwa njia mbalimbali: kile kijedwali kilicho nyuma ya pakiti kinasomwaje, hasa pale panapotajwa mafuta na kabohaidreti? Nimechagua barua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine, kwa sababu atakayeielewa hiyo atajikuta amekwisha kujibiwa nusu ya yale yanayofuata.

Je, nijumlishe?

*Mwanangu wa miaka 7 anapenda biskuti fulani za pakiti ya gramu 200. Nyuma yake pameandikwa kwamba katika gramu 100 mna mafuta gramu 20, na chini yake "of which saturates" gramu 9.5, kisha kabohaidreti gramu 69, na chini yake "of which sugars" gramu 23, halafu protini gramu 6.5. Je, mafuta yote ni gramu 29.5 na kabohaidreti gramu 92? Nikijumlisha yote napata gramu 128, na hapo ndipo ninapopotea.* (Msomaji, Tanga)

Dada yangu, hesabu yako yenyewe ndiyo iliyokuonya, kwa kuwa gramu 100 za biskuti haziwezi kubeba gramu 128 za virutubishi. Usijumlishe. Mstari uliosogezwa ndani kidogo, ule unaoanza kwa maneno "of which", maana yake ni "ambamo", na kiasi chake kimekwisha kuhesabiwa katika mstari ulio juu yake. Mafuta yote ni gramu 20, na ndani ya hizo 20 mna 9.5 za mafuta yaliyoshiba, yaani yale yanayoelekea kuganda katika joto la kawaida la nyumbani, kama yalivyo ya samli au ya ng'ombe. Vivyo hivyo, kabohaidreti zote ni gramu 69. Kati yake 23 ni sukari, na 46 zilizobaki karibu zote ni wanga wa unga wa ngano. Wengi wetu tumezoea kuita kabohaidreti zote "wanga", na mazungumzoni hakuna ubaya, lakini mbele ya lebo inafaa kutenganisha: kabohaidreti ni jina la ukoo mzima, na wanga na sukari ni ndugu wa ukoo huo.

Mistari hiyo midogo ndiyo ninayokusihi uisome kwanza, kwa sababu mstari mkubwa peke yake unaweza kukudanganya. Vyakula viwili vinaweza kuwa na mafuta gramu 20 kila kimoja, kimoja kikawa na mafuta mengi ya karanga na kingine kikawa na mafuta ya mawese yaliyoganda, na moyo wa mlaji usipate jambo moja kutoka kwa viwili hivyo. Mafuta yaliyoshiba yakizidi hupandisha ile lehemu (kolesteroli) inayojijenga kwenye kuta za mishipa ya damu. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na sukari inayoongezwa kwenye vyakula nayo isizidi asilimia 10, na ingekuwa bora ikashuka chini ya asilimia 5.

Asilimia hizo zigeuzwe kuwa gramu ili zikusaidie jikoni. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ilhali gramu moja ya wanga, ya sukari au ya protini ina kilokalori 4. Mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku atakuwa na nafasi ya mafuta yaliyoshiba gramu 22 hivi, na ya sukari ya kuongezwa gramu 50. Mtoto wa umri wa mwanao huhitaji karibu kilokalori 1,500. Kwa hiyo nafasi yake ni kama gramu 16 za mafuta yaliyoshiba na gramu 37 za sukari. Sasa rudi kwenye pakiti. Akila nusu yake wakati wa chai ya jioni, amekula gramu 100 kamili, nazo zimempa mafuta yaliyoshiba gramu 9.5 na sukari gramu 23, kabla hujahesabu sukari iliyomo kwenye kikombe cha chai yenyewe. Kijiko kidogo cha chai kisichofurika hubeba sukari gramu 4 hivi. Kwa hiyo nusu ya pakiti ni karibu vijiko 6.

Pengine umeona pia safu ya pili ya tarakimu, inayosema kipimo cha mlo mmoja ni biskuti 2, gramu 16, zenye sukari gramu 3.7 tu. Tarakimu hizo ni za kweli, lakini kipimo hicho amekipanga mtengenezaji, na sijapata kuona mtoto aliyefungua pakiti akala biskuti 2 akaifunga. Tumia safu ya gramu 100 unapolinganisha bidhaa na bidhaa dukani, kisha hesabu kile kilicholiwa hasa mezani. Nchini Uingereza, kwa mfano, upo utaratibu wa hiari wa kuweka rangi mbele ya pakiti, na rangi nyekundu huwekwa pale ambapo katika gramu 100 mafuta yamezidi gramu 17.5, mafuta yaliyoshiba yamezidi 5, na sukari imezidi 22.5. Biskuti za mwanao zingepata nyekundu mara tatu. Sisemi umnyime. Nasema ziwe kitu cha siku moja moja, biskuti 3 au 4 kwenye kisahani, na pakiti irudi kabatini kabla mtoto hajaketi.

Biskuti "zisizo na sukari" za mama

*Assalaam alaykum. Mama yangu ana kisukari na hutumia vidonge. Nimemnunulia biskuti zilizoandikwa "sugar free", na kweli sukari ni 0, lakini kabohaidreti ni gramu 66 katika gramu 100. Yeye huzila bila wasiwasi, hata nane kwa mkupuo. Mbona kipimo cha sukari asubuhi bado kiko juu?* (Msomaji, Mombasa)

Waalaykum salaam, na umfikishie mama shikamoo yangu. Swali hili limenigusa, kwa sababu nimekutana na wazee wengi walioamini neno lililoandikwa mbele ya pakiti kuliko kijedwali kilichoandikwa nyuma, na hawakufanya hivyo kwa uzembe: neno la mbele ni kubwa na lina rangi, na tarakimu za nyuma ni ndogo kiasi kwamba zinamshinda hata mwenye miwani.

Maneno "haina sukari" yanahusu ule mstari mdogo tu. Unga wa ngano uliomo bado ni wanga, na wanga ukifika tumboni hukatwakatwa hadi ukawa glukosi ile ile inayopimwa kwa kidole kila asubuhi. Mwenye kisukari, basi, aanze na mstari wa kabohaidreti zote, kisha ndipo ateremke kwenye sukari. Chukua biskuti moja ya mama yenye uzito wa gramu 8: ina kabohaidreti gramu 5 na kidogo. Biskuti tatu ni kama gramu 16, sawa na kipande kimoja cha mkate wa kukatwa, ambacho kwa kawaida huwa na gramu 15 hivi. Biskuti nane, basi, ni zaidi ya vipande viwili na nusu vya mkate, na nina hakika kwamba angewekewa mkate huo kwenye sahani mama mwenyewe angesita.

Angalia pia orodha ya viambato. Mara nyingi badala ya sukari huwekwa vitamu kama maltitoli au sorbitoli, ambavyo hupandisha sukari ya damu kwa kiasi kidogo kuliko sukari ya kawaida, ingawa maltitoli haikosi kupandisha kabisa. Vikiliwa kwa wingi huharisha, na iwapo mama amekuwa akilalamika tumbo, huenda hapo ndipo pa kuanzia.

Kipimo cha asubuhi kina sababu nyingi, na dawa zake zisiguswe bila daktari wake kusema. Mpelekee daktari pakiti yenyewe pamoja na daftari la vipimo. Lakini naomba mjue na upande wa pili. Baadhi ya dawa za kisukari, na insulini hasa, zinaweza kuishusha sukari ya damu kupita kiasi, mgonjwa akatetemeka, akatoka jasho jembamba na kuchanganyikiwa. Saa hiyo biskuti au kinywaji kisicho na sukari hakitamsaidia. Anahitaji sukari ya kweli, gramu 15 hivi, yaani vijiko vidogo 3 au 4 vikorogwe kwenye maji anywe iwapo bado anaweza kumeza, na apimwe tena baada ya dakika 15. Akishindwa kumeza au akipoteza fahamu, asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Mafuta "yasiyo na lehemu"

*Dukani kwetu kuna chupa mbili za mafuta ya kupikia. Moja imeandikwa kwa herufi kubwa kuwa haina kolesteroli, na bei yake imepanda. Nyingine haina maandishi hayo. Zote mbili zinaonyesha mafuta gramu 92 katika mililita 100. Hizo 8 zilizobaki ni nini, na je, ninunue ile ya bei kubwa?* (Msomaji, Dodoma)

Nianze na zile 8, maana umeuliza vizuri. Hakuna kilichobaki. Mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana huelea juu ya mchuzi. Mililita 100 za mafuta zina uzito wa gramu 92 hivi, na gramu hizo zote ni mafuta.

Kuhusu kolesteroli, ambayo kwa Kiswahili tunaiita lehemu, hiyo hutengenezwa na miili ya wanyama, na ya kwetu binadamu ikiwamo. Mmea hauna lehemu ya kuhesabika. Kwa hiyo mafuta ya alizeti, ya pamba, ya mawese, ya ufuta na ya nazi yote hayana lehemu, yawe yameandikwa hivyo au hayakuandikwa, na si haki mama wa nyumbani alipie zaidi kwa sifa ambayo chupa ya jirani yake inayo vile vile. Kinachopandisha lehemu mbaya katika damu kwa kiasi kikubwa ni yale mafuta yaliyoshiba, na hapo ndipo mafuta ya mimea yanapotofautiana mno. Alizeti ina gramu 11 hivi za mafuta yaliyoshiba katika kila gramu 100 za mafuta. Mawese ni karibu gramu 50. Nazi hupita gramu 80. Samli, ambayo ni ya mnyama, ni kama gramu 60. Geuza chupa zako zote mbili, tafuta mstari wa "saturates", na uchukue ile yenye tarakimu ndogo, ambayo pengine ndiyo ya bei nafuu. Wewe uko Dodoma, na Singida iko jirani. Alizeti inalimwa mlangoni pako.

Sisemi mawese au tui la nazi yaondoke jikoni. Atokaye Kigoma au Pemba hawezi kuambiwa hivyo akasikiliza, na wala haifai. Ninachoomba ni kiasi. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka bakuli kwenye mizani ya jikoni na kumimina mafuta kama ninavyomimina siku zote pembezoni mwa chapati moja: yalikuwa gramu 14, kijiko kikubwa kizima, na hizo ni zaidi ya kilokalori 120 zilizoingia kwenye chapati ambayo tayari ilikandwa kwa mafuta. Tangu siku hiyo napaka kwa kijiko kidogo, simimini tena kutoka kwenye chupa.

Lipo jambo moja zaidi la kuliangalia kwenye majarini na mafuta yaliyogandishwa. Katika orodha ya viambato ukikuta maneno "partially hydrogenated", rudisha bidhaa hiyo rafuni. Maana yake ni kwamba mafuta ya mimea yameongezewa haidrojeni nusunusu ili yagande, na kazi hiyo huzaa mafuta ya transi, ambayo hupandisha lehemu mbaya na papo hapo kushusha ile njema. Hayo ndiyo mafuta ambayo Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilizitaka nchi zote ziyaondoe kabisa viwandani, na linashauri yasifike asilimia 1 ya nishati ya siku, yaani karibu gramu 2 tu kwa mtu mzima.

Nasikitika kwamba majibu haya hayamfai mtu anayenunua mafuta ya kupima, yanayomiminwa kutoka kwenye dumu hadi kwenye chupa ya maji. Huyo hana lebo ya kusoma. Akiweza kuchanga na jirani wakanunua dumu lenye lebo na kugawana, atakuwa amejua anachokula kwa bei isiyopishana sana.

Siagi ya karanga ina mafuta 50?

*Nimeacha siagi ya karanga baada ya kuona mafuta gramu 50 katika gramu 100, nikahamia jamu isiyo na mafuta hata kidogo. Nimefanya vyema?* (Mwanafunzi, Morogoro)

Rudi kwenye karanga, ndugu yangu. Kati ya gramu hizo 50, yaliyoshiba ni kama 10 tu, na mengi ya yaliyobaki ni mafuta yasiyoshiba, ambayo ni rafiki wa mishipa. Tena umepata protini gramu 25 hivi pamoja na nyuzinyuzi. Jamu haina mafuta kwa sababu karibu yote ni sukari: mara nyingi gramu 60 katika gramu 100. Ila karanga nazo zina nishati nyingi, hivyo paka kijiko, usichote kwa mkate, na chagua kopo ambalo viambato vyake ni karanga na chumvi, bila sukari wala mafuta mengine yaliyoongezwa. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito hadi kilicho kidogo, kwa hiyo kuvisoma hakuchukui muda.

Lebo mbili, shayiri moja

*Huku Muscat tunauziwa shayiri ya uji kutoka Marekani na kutoka Ulaya, zikiwa rafu moja. Ya Marekani inaonyesha kabohaidreti nyingi zaidi, wakati nafaka ni ile ile. Ipi inasema kweli?* (Msomaji, Oman)

Zote mbili zinasema kweli, ila hazihesabu kitu kimoja. Marekani huhesabu nyuzinyuzi ndani ya kabohaidreti; Ulaya huzitoa na kuziandika mstari wake peke yake. Shayiri hiyo ya Marekani yenye kabohaidreti gramu 67 na nyuzinyuzi 10 ndani yake, ikiandikwa kwa kanuni ya Ulaya itasomeka kama gramu 57 na nyuzinyuzi 10 pembeni. Unapolinganisha, toa nyuzinyuzi kwenye ile ya Marekani kwanza. Jambo la pili ni kwamba lebo ya Ulaya lazima itoe tarakimu za gramu 100 au mililita 100, ilhali ya Marekani hutoa za kipimo cha mlo mmoja, kama gramu 40. Itakubidi ugawanye kwa 40 na kuzidisha kwa 100.

Lebo ya Marekani ina faida moja ninayoitamani kwingine kote: hutenga mstari wa sukari iliyoongezwa kiwandani. Lakini pia ina kichaka cha kujifichia, kwani mafuta ya transi yakiwa chini ya gramu 0.5 katika mlo mmoja huruhusiwa kuandikwa 0.

Kwa bidhaa zisizotenga sukari iliyoongezwa, maziwa ya mtindi kwa mfano, ipo njia rahisi. Maziwa matupu yana sukari yake ya asili, gramu 5 hivi katika mililita 100. Mtindi wa stroberi ukionyesha sukari gramu 13, basi takribani 8 zimetiwa baadaye.

Sembe au dona?

*Tunaambiwa tule dona, lakini nimelinganisha pakiti mbili za unga wa mahindi: dona ina kabohaidreti 77, sembe 79. Tofauti ya gramu 2 inastahili ugomvi wote huu na watoto?* (Baba wa familia, Iringa)

Tofauti haiko kwenye mstari huo, baba. Teremsha macho hadi kwenye nyuzinyuzi: dona huwa na gramu 7 hivi katika gramu 100, na sembe huwa karibu nusu ya hizo au chini zaidi, kwa kuwa ganda na kiini vimeondolewa kinuni. Nyuzinyuzi huchelewesha glukosi kuingia kwenye damu, hushibisha kwa muda mrefu, na hulainisha choo. Mtu mzima anashauriwa kupata angalau gramu 25 kwa siku, na sahani moja ya ugali wa dona wenye maharage humsogeza mbali.

Utaona pia kwamba mafuta ya dona ni kama gramu 3.6, maradufu ya yale ya sembe. Usiyaogope. Hayo ni mafuta ya kiini cha hindi, mengi yake hayajashiba, nayo ndiyo yanayofanya unga wa dona uchache mapema na kupata ule ukakasi ambao nadhani ndio hasa watoto wanaoukataa. Saga kidogo kidogo, au nunua pakiti ya kilo 2 badala ya mfuko wa kilo 25, angalia tarehe ya kusagwa, na uuhifadhi mahali pakavu penye ubaridi. Anza kwa kuchanganya nusu kwa nusu na sembe kwa wiki mbili, kisha uwapikie dona iliyosagwa juma hilo hilo, uone kama watautambua.